Mkopo usio na dhamana, dhamana yake ni jirani

Masomo: Kumbukumbu la Torati 24:6, 10-13, 17, 2 Wafalme 4:1-7

Jumapili hii nakualika tutafakari pamoja jambo linalozungumzwa kwenye ofisi za kata, kwenye vikao vya vikoba na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Ni mikopo ya halmashauri isiyo na riba wala dhamana, ile ambayo wengi tumezoea kuiita “asilimia 10”.

Tuitazame kutoka mahali kama Gwata. Jina hilo utalikuta Kibaha na utalikuta pia Kisarawe, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Pwani. Si mbali sana na Dar es Salaam, lakini mwanamke wa huko anayetaka kuanzisha genge, kufuga kuku au kununua mashine ya kukamua ufuta yupo mbali sana na kaunta ya benki. Swali lake la kwanza si riba ni kiasi gani. Swali lake ni hili: nitaweka nini?

Benki ikimuuliza dhamana, atataja nini? Shamba analolima mara nyingi linajulikana kwa jina la mume au la ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi, na hati miliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa jina lake. Lakini haki iliyo kwenye kitabu cha sheria ni kitu kimoja, na karatasi iliyo mkononi ni kitu kingine. Nyumba ya udongo haithaminiwi. Mbuzi wawili hawawekwi rehani benki. Basi mwanamke huyu hukataliwa kabla hajaeleza biashara yake.

Hapo ndipo sheria iliposimama upande wake. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Sheria hiyo inakataza kutoza riba. Kabla yake kulikuwa na Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake, ulioanza miaka ya 1990. Mwaka 2009 ilifunguliwa Benki ya Wanawake Tanzania, ambayo mwaka 2018 iliunganishwa na Benki ya TPB. Kwa hiyo si mara ya kwanza Taifa kujaribu. Tofauti ya safari hii ni kwamba jambo limewekwa kuwa wajibu wa kisheria wa kila halmashauri, ile ya mjini na ile ya porini.

Sasa tufungue Biblia. Watu wengi hudhani Neno la Mungu halijishughulishi na mambo ya rehani. Soma Kumbukumbu la Torati sura ya 24 taratibu. Musa anakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kulichukua jiwe hilo ni kuchukua uhai wa mtu. Anamkataza mkopeshaji kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchagua cha kubeba. Asimame nje, mwenye nyumba amletee mwenyewe. Kama mdaiwa ni maskini na alichoweka rehani ni nguo yake ya kujifunika, airudishiwe jua linapozama apate kulala nayo. Na nguo ya mjane isichukuliwe kabisa.

Tazama vitu vinavyotajwa hapo. Jiwe la kusagia ni chombo cha kazi. Nguo ya usiku ni blanketi. Mlango wa nyumba ni heshima ya mtu mbele ya watoto wake. Mungu hakukataza kukopesha wala hakusema deni lisilipwe. Alichokataza ni deni kumvua mtu kazi yake, usingizi wake na heshima yake.

Ukitaka kujua kwa nini amri hiyo bado ina kazi, angalia kinachoitwa mitaani “kausha damu”. Hii ni mikopo ya haraka ambayo mtu hupewa leo na kuanza kurejesha kesho. Tuchukue mfano. Mama anakopa Sh200,000 na kutakiwa kurejesha Sh10,000 kila siku kwa siku 30. Mwisho wa mwezi amelipa Sh300,000. Hiyo ni riba ya asilimia 50 kwa mwezi mmoja. Benki Kuu ya Tanzania imeelekeza kwamba riba ya wakopeshaji wadogo isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo huohuo, riba ya mwezi isingezidi Sh7,000. Na akichelewa, wanaokuja kudai hawasimami nje ya mlango kama Musa alivyoagiza. Wanaingia ndani. Wanabeba godoro, jiko la gesi na cherehani. Wengine hukopesha kwa simu na kumwaibisha mdaiwa kwa kuwatumia ujumbe jamaa na marafiki zake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Kwa hiyo, msomaji wangu, mkopo wa halmashauri usio na riba wala rehani si fadhila ndogo. Ni sheria ya nchi iliyokaribia sana sheria ya Musa. Pwani kuna neema nyingine ndani yake: katika kikundi kimoja cha wanawake utawakuta Wakristo na Waislamu, na kwa jirani zetu Waislamu riba ni haramu. Mkopo usio na riba unawawezesha kukaa meza moja bila mmoja wao kuumizwa dhamiri.

Lakini hapa ndipo penye jambo ninalotaka tulishike leo. Tunasema mkopo huu hauna dhamana. Si kweli kabisa. Shamba halikuwekwa, nyumba haikuwekwa, jiwe la kusagia limebaki jikoni. Kilichowekwa ni mwanamke mwenzako.

Amewekwa kwa namna mbili. Kwanza, mkopo hutolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, chenye wanawake wasiopungua watano, na kikundi kizima ndicho kinachodaiwa. Pili, fedha zinazorejeshwa ndizo zinazotakiwa kuzunguka na kukopeshwa kikundi kinachofuata. Maana yake, nyuma ya kila mkopaji wamesimama watu wawili ambao hawakuandikwa kama dhamana: mwenzake wa ndani ya kikundi, na mama asiyemjua aliye kwenye foleni.

Tufanye hesabu ya huyo wa kwanza. Chukua kikundi cha wanawake watano waliopata Sh5 milioni wakagawana milioni moja moja, warejeshe kwa miezi 12. Kila mmoja atatakiwa kutoa takriban Sh83,300 kwa mwezi. Mmoja akihama kimyakimya kwenda Dar es Salaam, wanne waliobaki watatakiwa kutoa takriban Sh104,200 kila mmoja. Karibu Sh21,000 zaidi kila mwezi, kutoka kwenye faida ya maandazi na mihogo. Aliyekimbia anaweza kujiambia kwamba ameikimbia Serikali. Kumbe ameingia jikoni kwa rafiki yake na kubeba jiwe lake la kusagia.

Huyo wa pili tulimwona waziwazi kuanzia mwaka 2023. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeeleza, mwaka baada ya mwaka, habari za vikundi hewa, vikundi vilivyosambaratika baada ya kupokea fedha, na mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa. Aprili 2023 Serikali ilisitisha mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu mpya uandaliwe. Ilirejea Julai 2024. Miezi 15 mlango ulikuwa umefungwa.

Jiulize nani aliyelipa gharama ya miezi hiyo 15. Aliyebuni kikundi cha majina ya uongo alikuwa ameshakula. Mtumishi aliyepitisha maombi aliyojua si ya kweli aliendelea kupokea mshahara. Aliyelipa ni mwanamke mwaminifu ambaye kikundi chake kilikuwa kimeshaandika katiba, kimefungua akaunti na kinangoja zamu. Msimu wa kupanda ukapita, na msimu wa kuvuna ukapita. Aliyekuwa na shida isiyosubiri, ya ada ya mtoto au ya dawa, akabakiwa na mlango mmoja uliokuwa wazi muda wote, nao ni wa kausha damu.

Ndiyo maana usemi kwamba mali ya umma haina mwenyewe ni usemi wa uongo, na Mkristo hapaswi kuurudia hata kwa mzaha. Mali hii ina mwenyewe. Yupo Gwata, ana jina, na pengine mnakaa benchi moja kanisani. Zaburi ya 37, mstari wa 21, inamhesabu anayekopa bila kulipa pamoja na watu waovu. Haisemi kwamba aliyekopeshwa na Serikali amesamehewa.

Hata hivyo, tusiwe watu wa kuwahubiria akina mama peke yao. Maandiko yanaanza na wajibu wa mkopeshaji, na mkopeshaji hapa ni halmashauri. Nina mambo manne ya kumwambia.

La kwanza ni ukubwa wa fungu. Sheria imefunga mikopo kwenye mapato ya ndani ya kila halmashauri. Kwa mfano wa hesabu tu, halmashauri inayotenga kutoka kwenye mapato ya Sh3 bilioni itapata Sh120 milioni za wanawake. Inayotenga kutoka kwenye Sh60 bilioni itapata Sh2.4 bilioni. Ndiyo kusema mahali penye biashara nyingi na benki nyingi ndipo penye fungu nene, na mahali ambapo mwanamke hana pengine pa kukopa ndipo penye fungu jembamba. Hili si kosa la mkurugenzi wa Kibaha wala wa Kisarawe. Ndivyo kanuni ilivyo. Lakini wabunge wetu wanaweza kulitazama. Katika Kutoka 16, mana ilipopimwa, aliyeokota kidogo hakupungukiwa.

La pili ni umbali. Siku hizi maombi yanapitia kwenye mfumo wa mtandao. Ni hatua nzuri, kwa sababu kikundi hewa ni kigumu kujificha mahali ambapo kumbukumbu zinalinganishwa. Lakini mfumo unahitaji simu yenye intaneti, na aliyeachia shule darasa la saba anahitaji mtu wa kumwelekeza. Kama kila kosa dogo kwenye fomu linamlazimu mama kupanda bodaboda kwenda Mlandizi au Kisarawe mjini, mkopo usio na riba umeshapata riba yake, nayo ni nauli. Afisa Maendeleo ya Jamii anayekwenda kijijini kwa siku inayojulikana ana thamani kuliko matangazo mengi.

La tatu ni wakati. Fedha za kilimo zikitoka mvua zikiwa zimeisha, zitaingia kwenye matumizi ya nyumbani na marejesho yatakwama. Ratiba ya marejesho ya mama wa uji, anayeuza kila siku, haiwezi kuwa sawa na ya mama wa ufuta, anayesubiri mavuno.

La nne ni uwazi. Majina ya vikundi vilivyopata, kiasi kilichotolewa na kilichorejeshwa vibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kikundi hewa kinaweza kupita mezani Mlandizi. Hakiwezi kupita mbele ya wanakijiji wanaojuana kwa majina, kwa mama na kwa mashamba. Katika utaratibu ulioanza 2024, halmashauri 10, zikiwemo majiji ya Dar es Salaam na Dodoma na wilaya kama Siha na Nkasi, zilichaguliwa kujaribu njia ya kutumia benki. Benki inaweza kusaidia kutunza hesabu. Kumjua mtu ni kazi ya jirani zake.

Wala hili si fumbo letu peke yetu. Mwaka 1976 Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi nchini Bangladesh, aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra jumla ya dola 27 za Marekani kutoka mfukoni mwake. Kutoka hapo ikazaliwa Benki ya Grameen, iliyokopesha wanawake bila dhamana kwa kuwaweka katika vikundi vya watu watano. Kenya ilianzisha Mfuko wa Biashara wa Wanawake mwaka 2007. Popote mpango wa namna hii uliposimama, haukusimama kwa sababu wakopaji walikuwa na mali. Ulisimama kwa sababu walikuwa wanajuana, na kila mmoja aliona haya kumwangusha mwenzake.

Sasa tumalizie na mjane wa 2 Wafalme sura ya 4. Mume wake amekufa na kuacha deni. Mdai yuko njiani kuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Ni kausha damu ya wakati ule. Anamlilia Elisha, na nabii hakumpa fedha wala hakumhubiria uvumilivu. Alimuuliza ana nini nyumbani. Mama akasema hana kitu, ila mafuta kidogo katika chupa.

Nakuomba uone utaratibu wa nabii. Alianza na kile ambacho mama anacho tayari, si na kile anachokitamani. Kisha akamtuma kuazima vyombo kwa majirani, tena visiwe vichache. Vyombo vile havikuwa na riba wala rehani. Vilitolewa kwa sababu majirani walimwamini. Mafuta yakajaza kila chombo, na vyombo vilipokwisha mafuta yakakoma. Halafu Elisha akampa agizo la mwisho lenye hatua tatu kwa mpangilio wake: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki.

Dada yangu unayefikiria kuomba mkopo huu, shika mpangilio huo. Uza, lipa, ndipo uishi kwa kilichobaki. Biashara nyingi hufa kwa sababu tumegeuza: tunaanza kuishi, tunauza baadaye, na kulipa kunasubiri ikibaki. Mtaji ukiingia, usiwe kiingilio cha sherehe wala kitenge cha sare. Ukiwa na mume, kaeni muongee kabla fedha hazijafika, ili zisije zikaondoka usiku kwa shughuli usiyoijua. Andika kila kinachoingia na kinachotoka, hata kwenye daftari la mtoto.

Na kama huna hata hicho kichupa cha mafuta, usione aibu kutokopa. Si kila shida dawa yake ni mkopo. Anayelala njaa, mgonjwa asiyeweza kazi, bibi anayelea wajukuu yatima, hao wanahitaji msaada: wa TASAF, wa ndugu na wa kanisa. Kumwingiza mtu wa namna hiyo kwenye kikundi ili itimie idadi ya watano si kumsaidia. Ni kumtwisha deni asiloliweza na kuwatwisha wenzake wanne.

Kanisa nalo lina sehemu yake. Viongozi wa jumuiya na wa idara za wanawake, mkiombwa kuthibitisha kwamba kikundi kipo, msikithibitishe kwa sababu mwenyekiti wake ni muumini mwenzenu. Kusema kipo wakati hakipo ni ushuhuda wa uongo, na amri ya Mungu haina kipengele cha fomu za mikopo. Mnaweza kutenga jioni moja kwa wiki mzee wa kanisa aliyestaafu uhasibu awafundishe akina mama kutunza hesabu, na mlango uwe wazi kwa wa dini zote. Mwenzao akiugua katikati ya marejesho, jumuiya inaweza kubeba mwezi mmoja au miwili. Hiyo nayo ni sadaka.

Na wewe ambaye tayari umekopa na umechelewa, sikuhukumu. Yawezekana kuku walikufa kwa kideri au mvua haikunyesha. Usijifiche. Jumatatu nenda kwa wenzako uwaambie ukweli, kisha nendeni pamoja kwa Afisa Maendeleo ya Jamii muombe kupangiwa upya. Lipa kidogo unachoweza, lakini lipa. Kuna mwanamke Gwata anayesubiri hiyo fedha. Ameshapata vyombo vya kuazima na amevipanga ndani. Anangoja tu mafuta yafike.

Mungu akubariki wewe, kazi ya mikono yako na jirani yako. Jumapili njema.